Kichupa Kisicho na Jina

Nilikuwa mkamwana wa mfano. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniponza, na kwa sababu mpaka leo nikipita Ibaba wapo akina mama wanaowaonyesha mabinti zao: mwoneni yule, katoka Tunduma kwa watu wa malori, lakini heshima yake hata sisi wenyewe hatuna. Nikisikia hivyo natamani ardhi ipasuke inimeze.

Nimezaliwa Chapwa, palepale Tunduma. Baba yangu alifika mpakani kutoka Singida akiwa utingo, akaishia kuwa na lori lake mwenyewe, bovu lakini lake, na mama aliwauzia madereva chakula. Kwetu jina la mtu lilikuwa kitu cha kupazia sauti. Foleni ya malori ikisimama, ukimtaka mtu unamwita mpaka ng'ambo ya Zambia wanasikia, na asipoitika unaongeza na la baba yake. Sikujua kwamba kuna mahali jina linamezwa.

Nikaolewa na kijana wa Ibaba, huko Ileje. Wiki ya kwanza wifi yangu mkubwa alinikalisha jikoni akanipa taratibu za kwao. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Hapishani naye njiani. Akimwona anakuja, anaingia shambani mpaka mzee apite. Hakalii kiti chake. Na jina lake halitamki, mzee awepo au asiwepo. "Siku hizi wengi wameyaacha haya," wifi alisema, "hasa wasomi kama wewe, kwa hiyo sikulazimishi." Hilo la wasomi kama wewe lilinichoma. Nikasema moyoni, haya, mtaniona.

Wakaniona kweli. Nilijifunika khanga mpaka puani. Niliruka mifereji ya maharage nikiwa na mimba ya miezi minane ili nisipishane na mzee. Mume wangu alikuwa ananicheka, ananiambia we mwanamke wa Chapwa umezidi hata bibi zetu, na mimi kicheko kile kilikuwa kinanipa kichwa. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa akapewa jina la babu yake, na mimi nikawa namwita Babu basi. Jina la mwanangu mwenyewe nililisikia kwa walimu.

Mzee naye alikuwa muungwana. Hakutaka kunifumania. Akikaribia nyumba, akiwa bado kwenye kona ya zizi, alikuwa anakohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha kutengeneza. Hiyo ilikuwa hodi yake. Nikisikia, nachukua sufuria yangu naingia ndani, naye anapita anaketi barazani kwa raha zake. Wakati mwingine aliniletea mahindi ya kuchoma. Anayaweka juu ya gogo, anakohoa, anaondoka, natoka nachukua. Miaka kumi na mmoja, kila tulipokuwa Ibaba, tuliishi hivyo bila kuzungumza hata neno, na naapa kwamba tulikuwa tunapendana.

Sasa, mimi ni mtu wa maabara. Nimesomea, nina cheti, nina koti jeupe, nafanya kazi katika hospitali moja mkoani kwetu, nisiyoitaja kwa sababu haina kosa. Mwenye kosa ni mimi. Mwaka ule tulipokwenda Ibaba likizo, kikohozi cha mzee kiliongezeka. Niliingia ndani na sufuria mara nne, mara tano kwa asubuhi moja. Nikawa nanung'unika, leo mzee kazidisha heshima, ugali utaiva saa ngapi? Mtu ambaye kila siku ya Mungu anapima makohozi ya watu! Nilikuwa nakisikia kikohozi kile kuliko mtu yeyote kwenye ile nyumba, na kila kilipolia mimi nilikimbia.

Zahanati walimwanzishia dawa za kifua kikuu ingawa makohozi yake hayakuonyesha kitu. Akazimaliza zote na bado anakohoa. Kisha ukatokea uvimbe shingoni, juu ya mtulinga, mgumu kama mbegu ya parachichi. Mume wangu akamleta mjini, akakaa kwetu. Daktari wa upasuaji akaubonyeza, akamuuliza mzee kama amewahi kuvuta sigara. Hakuwahi, wala tumbaku ya kunusa. Daktari akasema tutoe kipande, kipimwe.

Wakati huo kulikuwa na utafiti. Watu wa Dar walikuwa wanajaribu dawa mpya ya saratani ya mapafu, na hospitali yetu ilikuwa moja ya zile zilizowatumia sampuli. Mimi nilipelekwa Mbeya siku mbili kufundishwa namna ya kuzihifadhi. Mwalimu wetu alitueleza hivi: ndani ya kila chembe ya mwili kuna maagizo, ndiyo hizo jeni, na wakati mwingine agizo moja linaharibika, chembe inaanza kuzaana bila kusimama. Nikamwuliza, ni kama lori lililokwama pedeli ya mafuta? Akafurahi sana. Akasema hasa! Dawa za zamani zinalipiga mawe lori zima mpaka lisimame, pamoja na yaliyo jirani. Hii mpya inakwenda moja kwa moja kwenye pedeli, inainasua. Ila lazima kwanza ujue ni pedeli ipi imekwama, maana gari linaweza kukimbia kwa sababu nyingine kabisa. Dawa ile ilitengenezwa kwa hitilafu moja tu, adimu, ambayo vidonge vilivyoko tayari haviigusi. Mwenye hitilafu hiyo anapewa kidonge, anameza nyumbani kwake. Asiye nayo hapewi, maana haitamsaidia kitu.

Na kujua kunategemea kinyama. Hapo mwalimu alikunja uso. Kinyama kikitolewa kinawekwa kwenye fomalini, yale maji makali ya kuhifadhia, lakini kisizidi siku tatu. Kikikaa sana, saratani bado itaonekana kwenye darubini, ila jeni zinakatikakatika, hazisomeki tena. Niliandika kwenye daftari langu: SIKU TATU, nikapiga mistari miwili chini yake. Daftari ninalo mpaka leo. Siwezi kusema sikuambiwa.

Kwetu utaratibu ulikuwa mzuri. Boksi la utafiti lilipanda basi la Dar kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, kwa hiyo wagonjwa wa utafiti walikatwa Alhamisi yake. Mzee naye aliingizwa humo, akakatwa Alhamisi kama hiyo.

Niliogopa kupishana naye koridoni, nikajifungia maabara tangu asubuhi. Kama saa tano hivi muuguzi wa chumba cha upasuaji akaleta kichupa na fomu. Kichupa hakikuwa na lebo. "Jina liko kwenye fomu, dada, mtabandika wenyewe," akasema, akakimbia. Nikaiangalia fomu. Jina lake lote, matatu, kwa wino wa bluu.

Kazi yenyewe ni ya nusu dakika. Unachukua lebo, unanakili jina, tarehe na namba, unabandika, unaingiza kwenye orodha ya boksi. Mwenzangu wa kazi, kaka mmoja wa Isongole anayezijua taratibu za Ileje, alichungulia fomu begani kwangu akacheka. "Haa, leo ndiyo leo! Andika tuone, shemeji."

"Mimi niandike?" nikasema. "Thubutu! Mkono wangu utakauka."

"Kuandika siyo kutamka."

"Aka. Andika wewe."

Nataka nieleweke. Sikuwa naamini mkono utakauka. Nilijua angekwenda kusimulia, na ningesifiwa hadi vijiji vya Mbebe: hata kazini, jamani, hata kwenye karatasi, kamstahi mkwewe. Niliuona ule utamu. Kwa utamu ule nikakiweka kichupa pembeni, nyuma ya mtungi wa maji safi, ili mwenzangu akiandike akimaliza chai.

Hakumaliza chai. Lori lilikuwa limegonga basi dogo mteremkoni, wakaletwa majeruhi, na maabara nzima tukahamia kwenye damu mpaka jioni. Kesho yake Ijumaa nilifunga boksi mimi mwenyewe. Zilipangwa chupa, nikapiga tiki chupa nilizoziona. Kilichokuwa hakina jina hakikuwa kwenye orodha, na kisichokuwa kwenye orodha sikukitafuta. Saa sita boksi likapanda basi.

Jumatatu nilisogeza mtungi niuoshe, nikakiona.

Hakuna haja ya kuremba. Ile Jumatatu siku tatu zilikuwa zimepita, nne zinaingia, lakini huenda bado kulikuwa na kitu cha kuokoa. Ningeweza kupiga simu Dar nikasema jamani nimekosea, nifanyeje. Ningeweza kukituma kwa basi la siku hiyohiyo. Ningeweza kumwendea daktari, jeraha la mzee bado bichi, akasema basi tuchukue kingine sasa hivi. Kila moja ya njia hizo ilianza na mimi kufungua mdomo na kusema kwa nini. Mwenzangu akaingia, akauliza, "Ile ya mzee ilikwenda?" Nikasema ilikwenda. Nikakisukuma kichupa nyuma ya mtungi tena.

Kikakaa pale mpaka boksi la pili. Siku kumi na tano. Ijumaa ile niliwahi kufika, nikachukua lebo, nikaandika jina la baba mkwe wangu, matatu yote, harakaharaka, hakuna aliyeniona. Mkono haukukauka. Na kwenye nafasi ya tarehe ya kutolewa kinyama, kwenye lebo na kwenye fomu mpya niliyoijaza, nikaandika tarehe ya jana.

Majibu yalirudi mwezi uliofuata. Saratani ya mapafu, ndiyo. Jeni hazisomeki, sampuli imeharibika. Tafadhali leteni nyingine haraka kwani nafasi za utafiti zimebaki chache. Mume wangu aliisoma karatasi ile sebuleni kwetu, baba yake yuko chumba cha pili, mimi nimesimama mlangoni na sinia la vikombe.

"Wameiharibu," akasema. "Nyama ya baba wameiharibu hawa. Watu wa Dar wanatuona sisi washamba tu, sampuli za Songwe wanaziacha juani."

Alinitazama nimwambie kitu, mimi ndiye mtaalamu. Nikasema, "Ndiyo zao."

Ndiyo zao! Maneno mawili. Kuna watu Dar siwajui kwa sura, waliokaa wakahangaika na kile kinyama changu kilichoungua, nikawabebesha mzigo wangu nikiwa nimeshika sinia.

Mzee alikataa kukatwa tena. Kidonda cha kwanza kilikuwa kimeingia usaha, kilimchukua wiki tatu kufunga. Nilimsikia kupitia ukutani akimwambia mwanawe: "Nyama yangu wameshaichukua mara moja wakaitupa. Mara ya pili ya nini? Hao watu hawana kazi na mimi." Akataka kurudi kwake. Akarudishwa Ibaba.

Daktari alinisimamisha koridoni. "Ongeeni na mzee. Upo uvimbe mwingine mdogo, sasa hivi naufikia. Akiwa na hiyo hitilafu, dawa ile inaweza kumpa muda mzuri. Lakini nafasi zitafungwa." Nikasema tutaongea. Nilikuwa najua kitu kimoja ambacho daktari hakukijua: mzee alikataa kwa sababu aliamini wapimaji ni wazembe. Kama angejua kwamba wapimaji hawakuwa na kosa, kwamba uzembe ulikuwa wa mtu mmoja na mtu huyo anamjua, angeweza kubadili mawazo. Na mtu wa kumwambia alikuwa mimi.

Lakini mkamwana hazungumzi na baba mkwe, si ndivyo? Loo, utaratibu ule ulivyonifaa! Mume wangu alipokuwa akihangaika kila Jumamosi, anapanda pikipiki kwenda kumbembeleza baba yake na kurudi ameloa ukungu, mimi nilikuwa nakaa nyumbani kwa heshima zangu. Alipoomba nimtumie mzee ujumbe hata kupitia kwa mama yake, nilisema siyo mahali pangu. Nilijificha kwenye kichaka hicho wiki saba. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha ya mwenzangu.

Kilichonitoa hakikuwa ujasiri. Mama mkwe alishuka mjini kununua chumvi na mafuta, akalala kwetu, asubuhi tukawa tunachambua mchele. Akaniambia bila kuinua macho, "Mzee wako anakuulizia."

"Mimi?"

"Anasema, yule mtoto kazi yake si ndiyo hiyo ya kupima? Mbona yeye hajasema kitu? Anasema, wewe ungesema ni sawa kukatwa tena angekatwa. Wewe anakuamini." Akapuliza pumba. "Nikamwambia, mwanao ana heshima, hawezi kukuletea maneno. Akasema basi, heshima yake naijua."

Nikaanza kulia, mchele ukamwagika. Nikamwambia mama yote, tangu kichupa mpaka tarehe. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anizabe kofi, na laiti angenizaba. Alikuwa anaokota punje za mchele sakafuni moja moja, kisha akasema, "Haya maneno siyo yangu. Twende ukayapeleke yalikotakiwa."

Mume wangu nilimwambia kabla hatujaondoka. Sitaandika alichosema. Alisema kidogo, na alitupeleka Ibaba kwa gari la kuazima.

Mama aliniweka ndani, nyuma ya mlango ulioegeshwa. Mzee alikuwa barazani kwenye kiti chake. Ndivyo walivyofanya kunistahi, hata siku ile, nisimwone, asinione. Nikaongea na ubao wa mlango. Nilimweleza kwamba watu wa Dar hawakuharibu kitu. Nilimweleza kuhusu siku tatu na siku kumi na tano, na tarehe niliyodanganya. Kwa nini kichupa hakikuwa na jina nilishindwa kulisema kwa mkupuo, likatoka vipandevipande: nilikataa kuliandika ili nisifiwe.

Kuku walikuwa wanaparua karibu na kizingiti. Kisha nikaisikia sauti yake ikinielekea mimi, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja.

"Na safari hii, jina langu ataliandika nani?"

"Mimi, baba."

"Toka nje."

Nikafungua mlango. Sikujua pa kuweka macho, nikayaweka kwenye magoti yake. Suruali ilikuwa imempwaya, magoti yameisha. Akasema, "Litaje kwanza, nisikie kama unalijua." Nikalitaja. Yote matatu. Sauti yangu ya Chapwa, ambayo nilikuwa nimeimeza muda wote ule, ilitoka kubwa mno hata jirani akachungulia uani. Nikainua macho. Baba mkwe wangu alikuwa na macho ya kahawia mepesi, kama ya mwanangu kabisa, na sikuwa nimejua.

"Haya," akasema. "Kesho tutakwenda."

Alikatwa tena wiki ileile. Nilisimama pale mlangoni pa chumba cha upasuaji na lebo mkononi, imeandikwa tayari, nikaibandika kwenye kichupa kikiwa bado cha moto kwa mkono wa muuguzi. Haikuwa Ijumaa ya boksi. Nikapanda nacho basi mwenyewe mpaka Dar, nimekipakata njia nzima, na fomu yenye tarehe ya kweli. Kule nilikwenda kwa mkuu wa maabara nikamwambia ile ya kwanza niliidanganya. Aliandika. Kazini nilipewa barua ya onyo na nikaondolewa kwenye utafiti, na nilistahili zaidi ya hapo.

Baada ya hapo tulingoja. Mzee alibaki kwetu, na taratibu zikaisha zenyewe. Nilikuwa nampelekea uji mkononi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniuliza mambo ya malori, ng'ambo wanalima nini, na mara moja akaniuliza ile pedeli niliyomsimulia ikoje, nikamchorea chini kwa kijiti. Hakunitajia kichupa tena hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa linanila.

Muuguzi wa utafiti alinipigia simu mchana, nikiwa naanika nguo. Alisema majibu yametoka, jeni zimesomeka vizuri sana. Hitilafu ipo. Ni ileile hasa, ile adimu, ambayo dawa imetengenezwa kwa ajili yake. Moyo wangu uliruka kama wa mjinga. Nikamwuliza mzee aje lini.

"Dada," akasema, "nafasi ya mwisho ilijazwa Jumanne."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Nilimwuliza ingekuwaje kama sampuli ya kwanza ingefika salama, na akaniambia taratibu, kwa huruma, kwamba wakati ule nafasi zilikuwepo nyingi. Daktari wetu aliomba, wakubwa wa Dar waliomba huko waombako, tukaambiwa dawa bado iko majaribioni, haiuzwi popote, hairuhusiwi kutolewa nje ya waliosajiliwa. Nadhani walisema kweli.

Mume wangu akasema mzee asiambiwe kwamba alikuwa nayo. Tumwambie haikuonekana, afe na amani. Nilimwelewa. Lakini nilishaandika uongo mmoja juu ya mwili wa mtu yule, wa pili mkono wangu ungekauka kweli.

Nilimwambia barazani, asubuhi, jua likiwa limempata miguuni. Sikupiga magoti wala sikuangalia pembeni. Nikamwambia, baba, wameiona. Dawa ile ilikuwa yako. Nafasi zimekwisha, na zilikwisha kwa sababu ya wiki zile nilizokaa kimya. Hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Alikaa anatazama miguu yake. Alipotaka kuongea kikohozi kikamshika, kile kirefu kilichokuwa kinamkunja siku hizo, na mimi, mwili tu, miaka kumi na mmoja ya mazoea, nikajikuta nimeshasimama, nimeshageuka, naelekea mlangoni.

Akanishika upindo wa khanga.

"Kaa, mwanangu," akasema alipopata pumzi. "Hiki siyo cha kukufukuza."

Nikakaa.